Friji linanguruma, lakini linapoza?

Swali linalorudi mara kwa mara kwenye simu yangu ni hili: friji letu lina miaka kumi na kitu, tununue jipya au tuite fundi? Wengi wanaouliza wanataka niwatajie umri, kana kwamba friji nalo lina siku yake ya kustaafu. Sina umri wa kuwatajia. Kuna friji la miaka 15 linalopoza vizuri kuliko la jirani lililonunuliwa juzi. Mimi, kama mwandishi wa afya, nauliza jambo moja tu: chakula kilichomo ndani kiko kwenye joto gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula cha kuhifadhiwa kwa ubaridi kiwe chini ya nyuzi joto 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana haraka. Sasa fikiria friji ambalo taa inawaka, linanguruma usiku kucha, lakini ndani ni nyuzi 12. Ukinywa maji ya nyuzi 12 mchana wa Dar es Salaam, utaapa kwamba friji ni zima. Wali wa jana na maziwa ya mtoto havitakubaliana nawe.

Tusijidanganye pia kwamba kupasha moto kunamaliza kila kitu. Baadhi ya bakteria, wakiwemo wanaopenda wali uliolala, huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Kiporo kinaweza kuchemka hadi kikatoa mvuke, na bado mtoto akaanza kutapika saa chache baadaye. Hapo lawama huenda kwa muuza maembe wa shuleni.

Kuna nyumba ambazo jambo hili halisubiri mwisho wa mwezi. Mama aliyemaliza siku zake 84 za likizo ya uzazi na kurudi kazini anakamua maziwa na kuyaacha nyumbani. Maziwa hayo hukaa hadi siku nne kwenye friji lenye nyuzi 4. Kwenye friji linalosuasua, hesabu hiyo haina maana. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari: insulini ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8.

Kwa hiyo kabla ya kuita fundi, pima. Tafuta kipimajoto cha friji, si kile cha kupimia homa, maana hicho hakisomi baridi ya namna hiyo. Kiweke ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, kilale humo, na ukisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Ukikuta zaidi ya nyuzi 5, ongeza ubaridi kwenye swichi ya ndani, subiri siku nzima, kisha pima tena.

Likikataa, usikimbilie dukani bado. Bana noti kwenye mlango wa friji, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea, na huo hubadilishwa kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na friji jipya. Angalia nyuma: vumbi lililoganda kwenye mabomba huzuia joto kutoka, na friji lililosukumwa hadi likagusa ukuta, au lililopakana na jiko, litahangaika hata kama ni jipya. Barafu nene kwenye friza nayo iyeyushwe. (Kwa kuiacha iyeyuke yenyewe, tafadhali. Kisu kimetoboa mafriji mengi.)

Kisha kuna habari ya kujaza gesi. Friji haliishiwi gesi kama gari linavyoishiwa mafuta. Gesi yake huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue imevuja mahali. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi tu, na utamlipa tena. Mimi huwaambia marafiki: ukijaza mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, au kompresa ikifa kwenye friji lililopita miaka kumi, hela hiyo ianze kuwekwa kwa ajili ya jipya.

LUKU nayo itakusaidia kuamua. Siku mtakayosafiri, zimeni kila kitu isipokuwa friji, andikeni uniti zilizobaki na saa. Mkirudi, toeni na mgawanye kwa siku. Likila uniti 3 kwa siku, hizo ni 90 kwa mwezi, yaani friji peke yake limevuka uniti 75 za kundi la wateja wadogo wa majumbani. Friji jipya la kawaida la familia hutumia takriban uniti moja kwa siku.

Lakini jipya liwe jipya kweli. Friji la mtumba kutoka nje linaweza kuwa lile ambalo mwenzako wa huko amelikimbia kwa sababu hizi hizi. Ghana ilipiga marufuku kuyaingiza nchini humo tangu mwaka 2013. Kama mfuko hauruhusu vinginevyo, mwombe muuzaji aliwashe kwa saa kadhaa, nawe uende na kipimajoto chako. Akikataa, umeshajibiwa.

Friji linaruhusu mjadala. Mpira wa jiko la gesi hauruhusu. Ukiukunja ukaona nyufa, ukiwa mgumu, au tarehe iliyoandikwa juu yake imepita, badilisha siku hiyo hiyo. Usifunge kwa selotepu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujikusanya chini, huko huko mtoto anakotambaa. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, funga mtungi na ufungue madirisha. Usiguse swichi ya taa. Na moto wa jiko ukiwa wa njano na kupaka sufuria masizi, tundu zake zisafishwe. Zikishaliwa na kutu, jiko hilo limemaliza kazi.

Birika la umeme na pasi havihitaji maelezo marefu: waya uliochunika au plagi inayopata moto hadi kubadilika rangi, usisubiri ikurushe.

Mwisho, lile friji bovu mnalotaka kulitoa uani liwe kabati au litunze mkaa. Ng'oeni mlango kabla halijatoka ndani ya nyumba. Watoto wanaocheza kujificha huingia humo, mlango ukajifunga, na hewa ikaisha kabla mtu hajaanza kuwatafuta. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kutaka milango ya mafriji iweze kufunguliwa kutokea ndani, baada ya vifo vya namna hiyo. La kwenu hamjui lilitengenezwa vipi. Bisibisi na dakika kumi zinatosha.