SHULE IPI NI BORA HAPA WOTE?



Katika mkutano wa mwezi uliopita wenzetu kadha walisimama wakaomba gazeti hili liandike orodha ya shule za msingi za serikali zilizo hapa Wote na kando kando yake, ya kwanza mpaka ya mwisho, ili mzazi ajue pa kumpeleka mtoto mwezi wa Januari. Ombi hilo si la upuuzi. Mfanya kazi hana shamba kubwa wala duka la kumwachia mwanawe. Urithi wake ni elimu. Hata hivyo halmashauri imekataa kuandika orodha hiyo, na ni haki yenu kuambiwa sababu.

Kwanza, orodha yenyewe ingetoka wapi? Mtihani wa darasa la nane, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Na tangu mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilikuwa imekwisha acha kutangaza shule kwa nafasi zao. Basi mtu asemaye leo kwamba shule fulani ndiyo ya kwanza, asema kwa sifa za zamani, au kwa kuwa ameona lango jipya na sweta safi.

Pili, alama peke yake hazisemi kweli yote. Twajua shule mbili, wala hatutazitaja. Moja iko karibu na soko. Wazazi wake wengi wana mishahara au maduka. Huchanga kila muhula, na kwa mchango huo shule huajiri walimu wa kuongezea wale waliopelekwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Ya pili iko mwendo wa saa moja kwa miguu. Huko watoto hubeba maji ya mitungi kutoka nyumbani, na mwalimu mmoja hushika madarasa mawili. Ukizilinganisha hizo kwa alama, utakuwa umepima mifuko ya wazazi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, fedha humfuata mtoto. Mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, serikali ilikadiria shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka; baadaye ikawa 1,420. Tufanye hesabu. Shule yenye watoto 300 yastahili shilingi 426,000. Watoto 60 wakihamishwa, shule yapoteza shilingi 85,200. Lakini paa ni lile lile, vyoo ni vile vile, na mlinzi ataka mshahara ule ule. Watoto 240 waliobaki ndio hulipa gharama ya safari ya wale 60. Mwaka ufuatao shule inaonekana mbaya zaidi, na wengine wanahama. Nako kule mjini watoto hubanana watano katika dawati moja, na yule aliyehama hapati alichokifuata.

Hatumlaumu mzazi anayemtafutia mtoto wake mema. Hata sisi wa halmashauri, wako kati yetu waliohamisha watoto wao. Lakini twaona haya tunapokumbuka jinsi shule nyingi za Ukambani zilivyojengwa. Zilijengwa na mwethya: akina mama wakibeba mawe na mchanga wa mtoni, akina baba wakichoma matofali. Hawakungoja kuambiwa shule iliyo bora iko wapi. Waliijenga pale walipokaa.

Basi badala ya orodha, twawapeni maswali. Nendeni katika shule iliyo karibu nanyi mkaulize: Walimu ni wangapi, na madarasa ni mangapi? Tangi la maji lipo, na lina maji? Watoto wanapata muthokoi mchana, au wanashinda na njaa? Fedha za serikali zilifika lini, na zilitumiwaje? Darasa la saba hadi la tisa, ambayo yalianza kuwekwa katika shule za msingi Januari 2023, yana mwalimu wa sayansi na mahali pa kufanyia majaribio? Je, yako malipo yanayodaiwa kwa jina jingine? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza ada ya masomo katika shule ya serikali.

Mkisha pata majibu, jueni mlango wa kubisha. Mambo ya chekechea ni ya serikali ya kaunti, kwa Katiba ya mwaka 2010, na makao yake ni hapa hapa Wote. Hakuna nauli ya kutafuta. Mambo ya walimu ni ya Tume. Mambo ya matumizi ni ya halmashauri ya shule, na mzazi ana haki ya kusikia hesabu katika mkutano wa wazazi.

Twapendekeza kila tawi lichague wanachama wawili wa kuhudhuria mikutano hiyo muhula ujao na kuleta habari hapa. Habari hizo tutaziandika zote, nzuri na mbaya.

Mfanya kazi mmoja akidai mshahara peke yake hufukuzwa. Wote wakidai husikilizwa. Mzazi naye ni vivyo hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Halmashauri