Arosto Haitibiwi kwa Kufuli

Wapo wanaodai kwamba mtumiaji wa unga afungiwe chumbani mpaka arosto iishe. Mimi napinga kabisa! Kaka yangu hunywa methadoni kliniki kila siku. Dawa hii, iliyoanza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, huzuia arosto, yaani yale maumivu ya mifupa, kuhara na kukosa usingizi. Majirani humcheka eti amebadilisha ulevi tu. Jamani, mgonjwa wa kisukari akijidunga insulini kila siku, nani humwita mlevi?

Sasa daktari anampunguzia dozi kidogo kidogo. Usiku hutokwa jasho na kugaagaa kitandani. Mama humpikia uji, nami humpa maji na kukaa naye. Hatumharakishi, kwani haraka haraka haina baraka. Tena, mwili wa aliyeacha unga haustahimili dozi ya zamani. Akiirudia, aweza kufa papo hapo. Kwa hivyo, akisema amezidiwa, twamrudisha kwa daktari, hatumtukani. Shime wenzangu, mwenye ndugu kama huyu asimfungie mlango, amsindikize kliniki.