Shemeji, Nitajie Hiyo Namba

Mwezi uliopita niliahidi kuandika kuhusu chanjo za watoto kabla ya safari ya kwenda nyumbani. Naomba mniwie radhi, chanjo zitasubiri mwezi ujao. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, na kila niliyemsimulia ameniambia, "Liandike, litamsaidia mwingine."

Tuna laptopu moja ya familia, iko sebuleni juu ya meza ya kulia. Tuliinunua mwaka 2018. Watoto wanafanyia kazi za shule, mume wangu anaagizia vipuri, mimi nafanyia mafunzo ya lazima ya kazini, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuja Uingereza kusoma shahada ya uzamili, anaandikia tasnifu yake. Ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, unaweza kwenda kubandika maji ya chai, yakachemka, ukarudi ukaikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Tuliizoea hivyo hivyo, kama mtu anavyozoea mlango unaogoma.

Jumamosi moja nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, niko kituo cha basi, macho yanafumba yenyewe. Simu ikatoa mlio wa meseji. Kabla sijaitazama, shemeji akapiga.

"Shemeji, samahani, najua umechoka. Kuna namba imeingia kwenye simu yako. Nitajie."

"Namba ya nini, shemeji?"

"Ya kutengeneza kompyuta. Imeingia virusi. Kuna mtu wa kampuni yuko hewani kwenye simu ya ndani, anaisubiri. Anasema tufanye haraka."

Nikafungua meseji. Namba ilikuwa mstari wa kwanza, tarakimu sita. Ningesoma hiyo peke yake, habari ingeishia hapo. Lakini kazini tumefundishwa kusoma lebo ya dawa mpaka mwisho kabla ya kumpa mgonjwa, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniokoa. Mstari wa pili ulisema namba hiyo ni ya kuthibitisha malipo ya pauni 1,950 kwa mtu ambaye simjui, na kwamba nisimpe mtu yeyote.

Zile pauni hazikuwa zangu. Mimi ndiye mshika fedha wa upatu wetu, wanawake kumi, pauni mia mbili kila mmoja kwa mwezi. Jumatatu yake fedha zilikuwa ziende kwa dada mmoja ambaye mama yake alikuwa anasubiri upasuaji Tanga.

"Chomoa ruta," nikamwambia.

"Ruta?"

"Kile kidude cha intaneti chenye taa. Kichomoe ukutani sasa hivi. Halafu izime kompyuta, na mkatie simu huyo mtu."

Nikapiga 159. Hapa Uingereza ni namba fupi inayokuunganisha na benki yako ukishuku kwamba unatapeliwa, na benki nyingi kubwa zimo. Nilizungumza nao nimesimama pale pale kituoni, mabasi mawili yakanipita. Wakafunga akaunti. Fedha za upatu zilikuwa salama. Shemeji lakini alikuwa amekwisha kutoa pauni 90 kwa kadi yake mwenyewe, "malipo ya huduma", na mpaka leo anasubiri jibu la benki yake.

Nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa kwenye kiti, hajala. Akanieleza polepole. Alikuwa anatafuta marudio ya mechi ya Simba na Yanga kwenye tovuti moja ya bure. Alipobonyeza, kioo kizima kikawa chekundu, sauti ikaanza kusema kompyuta imeshambuliwa, asiizime, apige namba iliyoandikwa pale. Akapiga. Mtu akapokea kwa adabu sana, akamwelekeza kupakua programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, kisha mshale ukaanza kutembea wenyewe kwenye kioo. Huyo mtu akafungua kivinjari, akaingia kwenye ukurasa wa benki yangu. Nenosiri halikumsumbua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelihifadhi humo ili nisiwe naliandika kila mara.

Nikamuuliza, "Ulimwaminije, shemeji?"

Akasema, "Kompyuta imekuwa nzito mwaka mzima. Aliponiambia ina virusi, niliona anasema kweli."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Tumezoea kuona uzito wa kompyuta kama kero tu, na usalama kama jambo la wataalamu. Kumbe uzito ule ndio uliomfungulia mwizi mlango. Na walioiacha izorote ni sisi wenye nyumba, mimi wa kwanza.

Siku ya pili tukampelekea kijana mmoja wa Mombasa anayetengeneza kompyuta mjini kwetu. Alinakili picha na hati zetu kwenye diski ya nje, akazikagua, kisha akafuta kila kitu na kuweka Windows upya, maana mtu akishaingia ndani huwezi kujua ameacha nini. Nenosiri zote tulizibadilisha, tena kwa simu, si kwa kompyuta ile ile iliyoingiliwa. Nilimwomba anieleze kila alichokuwa anakifanya, nikaandika kwenye daftari. Haya ndiyo yaliyomo.

Kwanza, onyo la kweli la Microsoft halina namba ya simu. Wenyewe wamelisema hilo wazi. Kioo kikijaa maonyo na namba ya kupiga, huo ni ukurasa wa intaneti tu, ni bango la tapeli. Shikilia kitufe cha Esc, kisha bonyeza Alt na F4 pamoja ili kuufunga. Ukigoma, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime. Ukiiwasha tena, usikubali kivinjari kikurudishie kurasa ulizokuwa umefungua.

Pili, masasisho. Zile arifa zinazokuomba uiache kompyuta ijisasishe, nilikuwa nazifunga kila mara kwa sababu nina haraka. Sisi wa sekta ya afya hatukupaswa kuwa na uzembe huo. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi duniani na kudai fidia. Hospitali za hapa Uingereza ziliathirika vibaya, maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa, magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioliweka walipona.

Hapo hapo, tazama una Windows ipi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna utaratibu wa kujiandikisha kuongezewa muda hadi Oktoba 2026, lakini huo ni muda wa kujipanga tu. Kompyuta ikiwa na uwezo, kuhamia Windows 11 ni bure, na yetu ilikubali. Ikikataa kwa sababu ya umri, usiitupe. Fundi anaweza kuiwekea Linux, ambayo nayo ni bure, na kwa kuandika, kusoma na kuvinjari inatosha kabisa.

Tatu, kinga moja inatosha. Windows inakuja na Defender, mlinzi wake mwenyewe. Sisi tulikuwa na programu mbili nyingine za kuzuia virusi, moja muda wake umekwisha, nyingine hatujui nani aliiweka. Zilikuwa zinakagua mafaili yale yale kwa pamoja na kuivuta kompyuta chini. Tumeziondoa zote, tukabaki na Defender.

Nne, uzito wenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litafunguka dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi na kiasi cha nguvu inachokula kila moja. Humo kuna sehemu ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Kwetu zilikuwa kumi na saba: ya muziki, ya michezo ya mwanangu, ya printa tuliyokwisha kuigawa. Tukazizuia zote isipokuwa mbili. Kisha ondoa usizozitumia, ufute na zile programu ndogondogo zinazopachikwa kwenye kivinjari, kwani nyingine zinasoma kila ukurasa unaoufungua. Acha pia nafasi kwenye diski. Ikijaa pomoni, kompyuta inakosa pa kupumulia.

Kuna jambo sikuwa nalijua kabisa. Windows nyingi ukiizima kwa njia ya kawaida haizimi yote, inahifadhi sehemu ya kazi zake ili iwake haraka kesho yake. Inayoianza upya kikweli ni ile amri ya kuizima na kuiwasha palepale. Ifanye walau mara moja kwa wiki. Na kama laptopu yako ni ya zamani na ina diski ile inayozunguka, kubadilisha na kuweka diski ya SSD ndiko kutakakoleta tofauti kubwa kuliko programu yoyote unayotangaziwa ya "kuongeza kasi". Hizo za kutangaziwa ziache. Yetu baada ya SSD inawaka kabla sijavuta kiti.

Tano, kila mtu na akaunti yake. Sasa kompyuta yetu ina akaunti nne, na za watoto na za shemeji haziwezi kuweka programu bila nenosiri langu. Si kwamba siwaamini. Hata hospitalini, ufunguo wa kabati la dawa hashiki kila mtu.

Sita, nenosiri. Kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha hapa, NCSC, kinashauri kuunganisha maneno matatu yasiyohusiana. Sisi tuna bahati, Kiswahili kimejaa maneno ambayo tapeli wa mbali hatayawazia haraka: kitu kama kibatari, mwewe na kachumbari kwa mpigo mmoja. Usichukue haya, tafuta yako. Usitumie jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, maana umekwisha kuviweka Facebook siku ya keki. La barua pepe liwe la peke yake, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha mengine yote. Washa na uthibitisho wa hatua mbili, ule wa namba inayoletwa kwenye simu. Huo ndio ulioniokoa pale kituoni.

Namba hiyo haitajwi kwa mtu. Si kwa benki, si kwa fundi, si kwa shemeji. Waambieni na wazee nyumbani, kwa sababu WhatsApp za watu zinaibwa kwa njia hiyo hiyo: "Mama, nimekosea, namba yangu imeingia kwako, nitumie." Mama anatuma, kesho yake "mama" anawakopa jamaa wote.

Saba, nakala. Picha za mazishi ya baba mkwe zilikuwa kwenye kompyuta ile tu, hakuna mahali pengine. Pasipoti zetu zilizopigwa picha, vyeti vyangu vya stashahada na shahada, barua za uhamiaji, na kurasa tisini za tasnifu ya shemeji, vyote mahali pamoja. Sasa vina nakala mbili, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, nyingine kwenye diski ya nje inayokaa kabatini. Muhimu ni hilo la kabatini. Diski ikiachwa imechomekwa, kirusi cha kudai fidia kinaifunga pamoja na kompyuta.

Mlioko nje ya Uingereza, badala ya 159 tumieni namba iliyo nyuma ya kadi yenu ya benki, si ile mliyoipata kwa kutafuta mtandaoni wala mliyotumiwa kwa meseji. Hapa kwetu, meseji ya kushuku unaipeleka kwenye 7726 bila malipo.

Nimalizie na lile lililonichelewesha kuandika. Nilitaka kuficha. Fedha ziko salama, nikajiambia, kwa nini niwatie wenzangu hofu? Nikakaa nalo siku mbili. Kisha nikaandika kwenye kundi la upatu, nikaeleza kila kitu, pamoja na lile la kuhifadhi nenosiri, na nikasema kama wanataka mshika fedha mwingine nitaelewa. Jioni ile ile watatu kati yao wakanipigia mmoja mmoja. Nao yaliwakuta. Mmoja alipoteza akiba ya mwaka, na hata mumewe hakuwa amemwambia.

Hawa watu wanaijua aibu yetu. Wanajua msomi hatakubali kusema amedanganywa, na mgeni wa nchi ataogopa kupiga simu benki kwa Kiingereza chake. Kila saa unayokaa kimya ni saa waliyopewa. Likikukuta, piga simu benki kwanza, ulie baadaye. Na kijana wa nyumbani akikwambia ameharibu, usianze na kumgombeza, kwani kesho ataficha.

Upatu ulitoka Jumatano badala ya Jumatatu, na mama wa Tanga ameshafanyiwa upasuaji wake. Mimi bado ndiye mshika fedha. Shemeji amejipa kazi ya kuikagua kompyuta kila mwisho wa mwezi, kwa daftari mkononi, na mechi sasa tunalipia.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, chanjo za safari.