Bahati Haikaushi Mbao

Twasikitika kumsikia fundi ambaye mlango wake umepinda akisema, "Ndiyo bahati yangu." Si bahati! Mti uliokatwa juzi una maji ndani yake. Ukipasuliwa leo na kupigwa misumari kesho, utakauka ukiwa mlangoni, usinyae na kupinda. Mbao na zipangwe kivulini, vijiti kati yake, upepo upite, kwa miezi mingi. Ndipo randa iziguse. Kijana ashikaye randa mwezi mmoja akajiita fundi ajidanganya nafsi yake, tena amwibia jirani fedha zake. Bezaleli alijazwa na Mungu hekima na ujuzi. Hatusomi kwamba alijazwa bahati. Wahenga walinena: Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Nasi twaongeza: wala mlango uliopinda haufungiki kwa bahati. Basi, tujifunze kazi.