Tasnifu Isiyorudi kwa Wenyewe

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Walitumaini kwamba mgeni, hata ajapo mikono mitupu, hamwachi mwenyeji wake kama alivyomkuta. Lakini yuko mgeni mmoja wa zama zetu ambaye methali hii haimwelekei. Mgeni huyo ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, ajapo kijijini na daftari lake kutafuta habari za tasnifu. Huja, hukaribishwa, huambiwa yote ayatakayo, kisha huondoka. Na mwenyeji hasikii tena hata neno moja katika yale aliyoyasema. Mwanafunzi simlaumu. Nailaumu desturi ya vyuo vyetu vikuu ya kumtaka aandike kwa Kiingereza uchunguzi alioufanya kwa Kiswahili, miongoni mwa watu wasemao Kiswahili, juu ya mambo yao wenyewe. Desturi hii inamdhulumu mwanafunzi, inaidhulumu elimu, na inamdhulumu mwananchi. Yapasa iondolewe.

Ili maneno yangu yasielee hewani, na tutwae mfano wa mwanafunzi aliyechagua kuchunguza uvuvi mdogo katika pwani ya Bagamoyo. Hojaji yake huiandika kwanza kwa Kiingereza, maana msimamizi wake ataidhinisha hiyo. Usiku huifasiri kwa Kiswahili, peke yake. Asubuhi huwaamkia wazee wa pwani, huitikiwa marahaba, huitwa mwanangu, na hupewa mahali pa kukaa kivulini. Huelezwa habari za kaskazi na kusi, za bamvua na maji mafu, za dema, wando, jarife na mshipi. Huelezwa kwa nini pweza hutafutwa mwambani siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, na kwa nini pepo za kusi huwapunguzia wenye vyombo vidogo siku za kwenda baharini. Kazi yake ingekuwa imekwisha nusu kama angeyaandika hayo kama alivyoyasikia. Lakini jioni huanza kazi nyingine, nayo ni kuyageuza yote kuwa Kiingereza. Hapo dema huwa mtego, na wando pia huwa mtego. Mvuvi hawezi hata siku moja kuchanganya chombo kinachosukwa na kuzamishwa na ua unaosimikwa ufukweni. Msomi amevichanganya kwa usiku mmoja, wala hakuna atakayemsahihisha, kwa kuwa ajuaye hataisoma kazi hiyo, na atakayeisoma hajui.

Maneno yale, basi, yamevuka mara tatu: swali limetoka Kiingereza kuja Kiswahili, jibu limetoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na mwishoni jibu limenyoshwa lifanane na lugha ya vitabu. Kila kivuko kina ushuru wake. Kinachofika ng'ambo ni kidogo kuliko kilichopakiwa.

Na tumtazame mwanafunzi huyo chumbani mwake. Muhula wa mwisho si muhula wa raha. Vipindi vinaendelea, mitihani inakaribia, fedha zimekwisha kwa nauli ya kwenda uwandani, na katika chumba kimoja wenzake kadhaa wana tasnifu zao na wasiwasi wao. Huandika wengine wakilala. Hupeleka rasimu kwa msimamizi, ambaye naye ana wanafunzi wengi na saa chache. Hungoja siku nyingi. Mwishowe rasimu hurudi imejaa wino mwekundu. Hapa kihusishi kimekosewa, hapa wakati wa kitenzi haukulingana, hapa sentensi haieleweki. Hurekebisha, hurudisha, hungoja tena. Pambizoni hapaonekani swali hata moja juu ya samaki. Hapana aliyeuliza kama wavuvi waliohojiwa walitosha, au kama hoja ya sura ya nne inatokana kweli na majibu yao. Miezi iliyokusudiwa kupima akili ya uchunguzi imetumika kupima uhodari wa lugha ya kigeni. Baada ya hayo huenda dukani kwa mtoa nakala, hulipa kwa kila ukurasa, hulipa tena kwa jalada gumu, na kitabu hukabidhiwa idara. Huko hupangwa rafuni.

Tusijidanganye kuhusu matunda ya mtindo huu. Mtu anayelazimishwa kusema kwa lugha asiyoimudu hutafuta sentensi za watu wengine. Kwanza huazima moja, kisha ukurasa, kisha sura. Wako wanaowalipa watu wawaandikie kazi nzima. Na siku hizi ziko programu za kompyuta zinazotunga Kiingereza kisicho na doa kwa dakika chache. Kama kipimo chetu cha elimu ni Kiingereza safi, basi mashine imekwisha kutushinda, na shahada ingefaa itunukiwe mashine. Lakini mashine haikukaa kivulini na wazee, wala haikusikia mzee akisita kabla ya kujibu. Kitu pekee ambacho mwanafunzi anaweza kukileta na hakuna mwingine awezaye kukileta badala yake ni ushahidi wa masikio na macho yake. Huo ndio tunaouharibu kwa kuuvusha mara tatu.

Kwamba elimu ya kweli imo katika kazi za watu, uko ushahidi mashuhuri hapa hapa kwetu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa haraka ya kuwahi nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yakingali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyefanya aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba huingiza mchanganyiko ungali moto ili ugande upesi, na ikaonekana kuwa wauzaji wengine wa mji huo hufanya vivyo hivyo. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wanafunzi wenzake wakacheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wote wawili walichapisha makala juu ya jambo hilo katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya sababu yake, hata juu ya ukweli wake, na mabishano hayo yana jina la Mpemba mpaka leo. Zingatia, msomaji, kwamba habari ile ilikuwa imekaa mikononi mwa wauza aiskrimu wa Tanga. Iliingia katika elimu kwa kuwa kijana mmoja aliwasikiliza wala hakuona haya kuuliza. Lakini iliandikwa katika jarida ambalo halikutungwa kwa ajili yao. Nusu ya kwanza ya kisa hiki ni fahari yetu. Nusu ya pili ndiyo desturi ninayoipinga.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii imezeeka kabla ya kuthibitishwa. Tangu miaka ya 1970 somo la Kiswahili limekuwa likifundishwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tasnifu zimeandikwa kwa lugha hiyo hadi shahada ya uzamivu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa lugha yaweza kubeba hukumu ya mtu kwenda gerezani, haiwezi kushindwa kubeba maelezo ya mtego wa samaki. Istilahi haizaliwi kabla ya kazi. Huzaliwa na kazi. Lugha isiyoandikiwa tasnifu haitapata maneno ya tasnifu hata tungojee miaka mia.

Wengine husema kwamba ulimwengu hautatusoma. Nauliza, ulimwengu unatusoma sasa? Tasnifu ya shahada ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiingereza husomwa na msimamizi, mtahini, na labda mwanafunzi wa mwaka unaofuata atafutaye mfano wa kuiga. Tumewanyima walio karibu kwa ajili ya walio mbali, na walio mbali hawakuja. Kwa huyo wa mbali atakayekuja, ikisiri ya Kiingereza mwanzoni mwa kitabu yatosha kumwelekeza.

Wengine husema kwamba mhitimu asiyejua Kiingereza hatapata kazi. Hoja hii ina uzito, wala siipuuzi. Kiingereza na kifundishwe vizuri, na kitahiniwe chenyewe, kama lugha. Lakini kuficha mtihani wa Kiingereza ndani ya mtihani wa uchunguzi ni kuharibu yote mawili: mwanafunzi hatoki na Kiingereza kizuri, wala hatoki na uchunguzi mzuri.

Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa kimeambatanishwa na Chuo Kikuu cha London. Wakati ule palikuwa na sababu ya kuandika kwa lugha ya waliotoa shahada. Tangu mwaka 1970 chuo hicho kinajitegemea. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliahidi mpango maalumu wa kukiwezesha Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Ahadi ni deni, na deni hili limekawia. Lakini idara zetu hazina haja ya kungoja taifa zima libadilike ndipo zianze kutenda haki.

Nataka mambo matatu tu. Kwanza, mwanafunzi aliyekusanya habari zake kwa Kiswahili aruhusiwe kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili, pasipo kupunguziwa alama wala heshima. Pili, anayechagua Kiingereza alazimike kuyaweka maneno ya waliohojiwa kama walivyoyasema, ili dema libaki dema. Tatu, pasiwe na tasnifu itakayopokelewa bila muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili chepesi, na muhtasari huo upelekwe na kusomwa mbele ya watu waliotoa habari, ili waliokosewa waseme wamekosewa. Jambo hili la tatu laweza kuanza muhula ujao, maana gharama yake ni karatasi chache na nauli.

Mzee wa pwani hakumwomba mwanafunzi malipo. Alimpa asubuhi yake, na ujuzi alioupata kwa miaka mingi ya kulala baharini. Shahada itakayotolewa imejengwa kwa mali hiyo. Chuo kinachochukua mali ya mtu, kikaifungia katika lugha asiyoisoma, na kikavaa joho kwa furaha, kisiseme kwamba kinamtumikia. Kwanza kirudishe.