Simu njiani: Somo ambalo kijana wa Kimisagara hulipata kabla ya leseni

Barabara inayotoka Nyabugogo na kupanda Kimisagara kuelekea Nyamirambo haina nafasi ya kukosea. Upande wa mlima nyumba zimebanana hadi juu, na vijia vyake vinamwaga watu moja kwa moja barabarani: wanafunzi wenye mikoba, akina mama wanaotoka sokoni na mabeseni kichwani, vijana wanaotoka uwanjani kwenye Nyumba ya Vijana. Upande wa bonde upo mfereji wa Mpazi. Katikati ya hayo yote, jioni, pikipiki za abiria hushuka moja nyuma ya nyingine, na juu ya usukani wa nyingi kati yake ipo simu iliyofungwa kwa mpira au kwenye kishikio cha plastiki. Inawaka, inaita. Motari, kama bodaboda anavyoitwa Kigali, anainamisha macho.

Anainamisha kwa muda gani? Tuseme sekunde tatu tu, za kusoma jina la anayepiga na kuamua kama apokee. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao hakuna atakayeuita wa kasi, hupita mita 11 kwa sekunde. Kwa hizo tatu imekwisha kwenda mita 33, karibu urefu wa mabasi matatu yaliyopangwa mstari mmoja, na dereva hakuona chochote. Mtoto anayetoka kwenye kijia cha Kimisagara hahitaji mita 33 kufika katikati ya barabara. Anahitaji hatua mbili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kugonga au kugongwa mara nne zaidi ya asiyeitumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haipunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Hili la pili ndilo wengi hawapendi kulisikia. Waliokwisha nunua vipaza sauti vya masikioni wanaamini wamemaliza tatizo, kumbe mkono umeachwa huru na akili imebaki kwenye mazungumzo. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wengi zaidi wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, kuliko ugonjwa wowote.

Rwanda haikulala katika jambo hili. Amri ya Rais namba 85/01 ya Septemba 2, 2002 ilipiga marufuku dereva kushika simu, na faini yake ikawa faranga 10,000. Mei 2019 Polisi walianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fikeni salama, iliyopangwa kwa majuma 52. Janga la Korona likaikatiza, kisha ikarejeshwa, na ujumbe wake umefika hadi makanisani na misikitini. Kamera ambazo wakazi wa Kigali wamezibandika jina la Sofia zimewafanya madereva wengi kuheshimu kibao cha mwendo. Lakini Sofia alipata sifa kwa kukamata kasi, na kasi ni kitu kinachopimika. Hata kamera inayoweza kuona simu mkononi haiwezi kuona mawazo ya dereva yalipo.

Udhaifu huo huo umo katika mitihani. Kijana aliyefikisha miaka 18 akitaka leseni ya gari huanza na mtihani wa kuandika: maswali 20, na akipata 12 amefaulu na kupewa leseni ya muda. Baadaye hufanya mtihani wa kuendesha. Tangu 2024 kipo kituo cha kisasa Busanza, wilayani Kicukiro, ambako mitambo ndiyo inayoangalia kama tairi imekanyaga mstari au gari limerudi nyuma vizuri. Ni hatua njema, maana mtambo haupokei bahasha wala haumjui mtoto wa fulani. Hata hivyo kiwanja cha mtihani ni mahali pasipo na simu inayoita, rafiki anayecheka kiti cha nyuma wala mteja mwenye haraka. Kijana anapimwa akiwa makini kuliko atakavyokuwa tena maishani mwake nyuma ya usukani.

Na hapo ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Hadi anafika Busanza, kijana wa Kimisagara amekwisha kusoma udereva kwa miaka kumi bila mwalimu yeyote kutajwa. Amebebwa shuleni kwenye pikipiki na kuona motari akichomeka simu kati ya helmeti na sikio, akiongea mlima mzima. Ameketi pembeni ya mjomba wake akiona ujumbe unajibiwa kwa kidole gumba, na hakuna lililotokea. Siku elfu moja bila ajali zimemfundisha kwamba jambo hilo halina madhara. Kibao kimoja cha barabarani kitashindana vipi na siku elfu moja?

Tena mazungumzo ya kawaida kuhusu vijana na udereva humfikiria kijana aliyeazimwa gari na baba. Wapo, ila si wengi katika mitaa ya Kamuhoza na Katabaro. Huko kijana wengi wao huanza na pikipiki, na huanza kwa sababu ya riziki. Kwake simu ni ofisi. Kupitia simu humpata mteja, hupokea nauli kwa MoMo, hutafuta njia, na mwenye pikipiki humuuliza hesabu ya siku. Kumwambia aizime ni kumwambia afunge duka. Januari 2022 motari wa Kigali waligoma kwa sababu ya mita za lazima za kuhesabu nauli, na mjadala ulikuwa wa makato na faini. Ulikuwa mjadala wa haki. Lakini swali la mara ngapi kwa siku kifaa cha kazi kinayavuta macho ya motari kutoka barabarani halikupata uzito wa swali la pesa, na mpaka leo halijaupata.

Nchi nyingine zimelikabili suala la vijana kwa ngazi. New Zealand ilianza mwaka 1987: kijana hujifunza kwanza na mwenye leseni pembeni, kisha huendesha peke yake bila kubeba marafiki na bila kutembea usiku wa manane, na mwisho ndipo hupewa leseni kamili. Majimbo ya Marekani yalifuata, Florida ikitangulia mwaka 1996. Sababu inajulikana: miezi ya mwanzo ya kuendesha bila msimamizi ndiyo mibaya kuliko yote, na kijana akiwa na wenzake garini hatari hupanda. Utaratibu huo ungefaa hapa kwa madereva wa magari. Kwa motari una kasoro, kwani kumkataza asibebe abiria ni kumnyima kazi yenyewe. Kwake afadhali mafunzo yafanyike barabarani, kwenye mteremko wenyewe, simu ikiwa inaita.

Jirani nao wana sehemu yao. Leo kijana wa Kimisagara ni motari, kesho ni utingo wa lori la Dar es Salaam, keshokutwa ndiye dereva. Akivuka Rusumo au Gatuna anatoka upande wa kulia na kuingia kushoto, na kila alichozoea kinageuka. Kwa saa za kwanza akili yote inahitajika barabarani. Jumuiya ya Afrika Mashariki imezungumza sana kuhusu ushuru na mizani, na ni vizuri. Tabia ya simu mkononi nayo huvuka mpaka bila kugongewa muhuri.

Hatua ya karibu zaidi, hata hivyo, haimhitaji mbunge wala waziri. Simu inayoita kwenye usukani ina mtu upande wa pili. Ni mteja anayeuliza "umefika wapi?" huku akijua kuwa motari yuko njiani. Ni mwenye pikipiki anayetaka hesabu yake saa kumi na mbili kamili, wakati barabara ya Nyabugogo imejaa. Mara nyingi ni mama mzazi, anayetaka kujua kama mwanawe yu mzima. Simu ikiita mara mbili bila kupokewa, hupiga ya tatu.