Siku Zihesabiwe Tangu Mtu Ajulishwe

Wananchi wa Uru wanaijua vyema thamani ya siku. Katika mashauri ya ardhi, asiyeridhika na hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Zikishapita, mwenye kihamba alichorithi kwa babu zake hana budi kuomba kwanza aongezewe muda, tena kwa sababu za kutosha.

Ikiwa jambo hili ni zito kwa mwananchi aliye kwake, ni zito zaidi kwa mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze katika siku 7 tangu aingie nchini, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, ofisa mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Sharti hilo ni la haki, kwani taifa lazima lijue nani ameingia. Lakini wajibu ni wa pande mbili. Dola inayomhesabia mgeni siku zake haina budi kumpa uamuzi kwa maandishi, wenye sababu, katika lugha anayoielewa, na kumwonyesha ni wapi, na hadi tarehe gani, anaweza kuomba shauri lake liangaliwe upya.

Majirani zetu wa Uganda, katika sheria yao ya mwaka 2006, walitoa siku 30 za kukata rufaa tangu mwombaji ajulishwe uamuzi. Hiyo ndiyo hesabu ya haki. Siku zikianza kuhesabiwa pale barua inapotiwa sahihi mjini, aliye kambini mkoani Kigoma aweza kupoteza rufaa yake kabla hajajua kuwa amekataliwa. Huo utakuwa urasimu uliovaa joho la sheria.

Wapo watakaosema kwamba wajanja watazikwepa barua ili siku zisianze. Dawa yake ni nyepesi: liwepo daftari la makabidhiano. Mwombaji apokee barua kwa sahihi au dole gumba mbele ya shahidi. Akikataa kupokea, shahidi aandike hivyo, na siku zianze. Baada ya hapo, mzembe asimlaumu mtu.

Kihamba kilichopotea kwa makosa chaweza kurudishwa na mahakama. Mtu aliyerudishwa kwenye hatari aliyoikimbia, kwa sababu tu tarehe ilimpita bila ya kujua, huenda asirudishiwe uhai wake. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulikataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake yako hatarini.

Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi. Heshima hiyo ni ya taifa zima, na kila ofisa anayeshika barua ya mkimbizi mkononi anapaswa kuilinda. Barua imfikie mwenyewe, ndipo siku zihesabiwe.